Nguo za Krismasi za Wacera

Nderitu alikuwa fundi wa nguo kwenye veranda ya duka la vitambaa la Bashir, hapa Eldoret mjini, na kwa miaka kumi na minne cherehani yangu ilikaa hatua mbili kutoka kwa yake. Namjua kuliko watu wa kanisa lake wanavyomjua. Alikuwa akikata uzi kwa meno ilhali makasi yapo mapajani. Alichukia zipu za bei rahisi na wateja wanaosema wana haraka. Na katika maisha yake alishonea watoto wawili ambao macho yake hayakuwa yanawaona. Mmoja alikuwa mungu wa Wahindi. Wa pili alikuwa binti yake.

Nianze na mungu, kwa kuwa ndiye aliyetangulia. Mama Ramila alikuwa mjane wa Kihindi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, aliyeishi peke yake ghorofani mtaa wa pili kutoka kwetu. Mwanawe alikuwa Nairobi akiuza vipuri vya magari. Pale nyumbani alikuwa na Gopal, yaani Krishna akiwa bado mtoto wa kutambaa. Sisi tungesema ni sanamu ya shaba. Yeye hakutumia neno hilo hata siku moja. Asubuhi alimwamsha kwa kupiga makofi polepole ili asishtuke, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko, akamvisha, akamwekea maziwa, akamwimbia. Mchana alimlaza. Jioni alimwamsha tena, akamlisha, akamvua nguo za mchana na kumvisha za kulalia. Ilikuwa hivyo kila siku kwa miaka arobaini. Na kwa sababu Eldoret ina baridi, hasa mwezi wa saba ukungu ukikataa kuondoka hadi saa nne, Gopal alihitaji makoti.

Shida ni kwamba kwa desturi ya nyumba yake, mtu wa nje hakuruhusiwa kumwona. Kwa hivyo Mama Ramila alimpima mwenyewe kwa uzi mweupe, akafunga fundo moja la shingo, jingine la mkono, jingine la kiuno, kisha akauleta uzi huo kwa Nderitu ukiwa umeviringwa ndani ya karatasi. Nderitu alikata kitambaa akifuata mafundo. Koti la kwanza lilirudishwa kesho yake. Mama Ramila alilipindua ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Fundi, hii itakwaruza yeye."

Nderitu akamwambia kwamba ndani hakuna mtu anaona.

"Yeye ndiyo iko ndani," akasema.

Hadithi hiyo Nderitu alinisimulia mara nyingi, kila mara akitikisa kichwa. Alilifumua koti lote akalishona upya, akaficha kila ncha ya uzi. Tangu siku hiyo mishono yake ya ndani ikawa laini kuliko ya fundi yeyote mjini, na wateja wakaanza kumfuata bila kujua wanamfuatia nini. Mzee mmoja wa kanisa lake alimuuliza kama haogopi kuvalisha miungu ya watu. Nderitu akamjibu kwamba hata joho la mchungaji alilishona yeye, na hakuuliza kwanza nani ataingia ndani yake.

Mimi ndimi niliyekuwa na mdomo. Nilipofika pale mwaka wa 2003 nilimuuliza yule mama, mbele ya watu, kwa nini anahangaika hivyo kwa kitu kisichokula. Hakukasirika. Aliketi kwenye benchi akanieleza kwamba kwao njia za kumfikia Mungu ni nyingi. Kuna wanaosoma na kutafakari mpaka wajue. Kuna wanaofanya kazi yao bila kutamani tuzo. Kuna wanaokaa kimya, miguu wameikunja, wanaipima pumzi mpaka akili itulie. Marehemu mumewe alijaribu hiyo akawa anasinzia. Njia yake yeye inaitwa bhakti, nayo ni kupenda tu, basi. Na mtu anaweza kuchagua atampenda Mungu namna gani, kama mtumishi anavyompenda bwana wake, kama rafiki, kama mke, au kama mama anavyompenda mtoto. Yeye alichagua mama, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua.

Nilifikiri huyu mzee ana wakati mwingi wa kupoteza. Sitajifanya kwamba nilifikiri jambo la maana zaidi.

Sasa Wacera. Nderitu na mkewe Wahu walikaa miaka tisa bila mtoto, na Wacera alipozaliwa mwaka wa 2001, Nderitu alifunga kazi wiki nzima, jambo ambalo hata malaria haikuwahi kumfanyia. Alizaliwa mwaka mmoja na Angeline wangu. Walikuwa wakicheza chini ya meza ya kukatia, wakigombania vipande vya kitambaa. Wacera alikuwa na pumu, kwa hivyo tukinyunyiza maji na kupiga pasi ya makaa, tulimpeleka kwanza kwa Bashir ndani asivute moshi.

Hapa kwetu mtoto hupata nguo mpya ya Krismasi hata kama nyumba haina sukari. Mwaka wa 2007 Nderitu alimshonea Wacera gauni la njano lenye kola nyeupe. Aliificha mishono ya ndani jinsi alivyomfanyia Gopal. Nilimtania kwamba anamharibu mtoto, atakataa kuvaa sare ya shule. Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Uchaguzi ulikuwa siku mbili baada ya Krismasi. Matokeo yalitangazwa Jumapili jioni, na kabla giza halijaingia sawasawa tuliona moshi upande wa Langas, ambako Nderitu alikuwa amepanga. Sisi Waluo hatukuguswa wakati huo. Mume wangu Omollo aliweka matawi kwenye lango letu, mtaa wa Pioneer, ili wapitao wajue sisi si wale wanaotafutwa, na waliotafutwa walikuwa Wakikuyu, watu kama Nderitu. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu niliyaona matawi yale asubuhi nikashukuru Mungu, kisha nikaona aibu ya kushukuru.

Jumatatu alfajiri, upande wao wa Langas ukiwa bado kimya, Nderitu alifanya kosa ambalo ni fundi tu angelifanya. Alisikia kwamba maduka ya mjini yatavunjwa, akakumbuka nguo za watu zilizokuwa verandani, akakimbia kuzichukua. Alimwambia Wahu atarudi kabla chai haijapoa. Alichofanikiwa kuchukua ni kifurushi kimoja, koti la Gopal la baridi, la sufu na bitana ya satini, ambalo lilikuwa limeahidiwa mwisho wa mwezi. Alipogeuka kurudi, barabara ya Langas ilikuwa imefungwa kwa mawe na matairi. Nyumba yake ilichomwa saa nne asubuhi.

Alimpata Wahu siku ya tatu kwenye uwanja wa maonyesho, katikati ya maelfu ya watu waliokaa juu ya magodoro. Wahu alikuwa peke yake. Aliona kile kifurushi kwapani mwa mumewe kabla hajauona uso wake. Nderitu akamuuliza Wacera yuko wapi, naye akamwambia walipotezana kwenye umati.

Basi ndivyo utafutaji ulivyoanza. Nderitu alisimama kwenye kila mstari wa chakula akitazama watoto. Aliandikisha jina la Wacera kwa kila mtu aliyekuwa na kalamu na karatasi. Alipanda malori yaliyopeleka watu Nakuru na Nyeri, akarudi na vumbi. Mwezi wa tatu viongozi walipokuwa wameshikana mikono, alirudi verandani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka lile koti.

Mama Ramila hakuwa ameondoka mjini. Mwanawe alimtumia gari, akakataa kupanda, kwamba Gopal hajazoea kulala nyumba ya wenyewe. Nderitu alimkabidhi koti akamweleza habari ya Wacera. Nilikuwepo, nilikuwa nimemsindikiza. Yule mama aliliweka koti mapajani, akalilainisha kwa kiganja. Kisha akasema maneno yaliyonifanya nimchukie kwa miaka.

"Fundi, kuna wanawake walipenda Krishna sana. Yeye akaenda mbali, hapana rudi tena. Wao kila siku pika, kila siku fagia, kama yeye nakuja leo. Kwetu tunasema hao ndiyo walipenda zaidi, kupita hata wale alikuwa karibu naye. Wewe shonea mtoto yako. Mwaka ikiisha, yeye nakua, shona kubwa."

Nderitu alilia pale. Alikuwa hajalia tangu Desemba.

Siku chache baadaye nilimfuata Mama Ramila ngazini nikamwambia amemtilia mtu sumu, kwamba mwanamume yule anahitaji kukubali, si kushona. Alishika reli akapumzisha magoti. Aliniambia hakusema kwamba mtoto atarudi. Alisema mtu ashone. Nikamwambia mimi sioni tofauti. Akaniambia ndiyo, haionekani haraka, akaendelea kupanda.

Desemba ya 2008 Nderitu aliniomba Angeline. Aliuliza kwa adabu, kofia mkononi, kama anayeomba kuazimwa kitu cha thamani. Wasichana wale walikuwa wa umri mmoja na kimo kimoja, akasema, kwa hivyo akimpima Angeline atajua Wacera amefika wapi. Ningekataaje? Nyumba yangu ilikuwa imesimama na mtoto wangu alikuwa anakula maandazi. Angeline alisimama juu ya benchi akanyoosha mikono, naye Nderitu akampima mabega, kifua na urefu, huku anatabasamu kidogo. Alishona gauni la buluu. Alilipeleka nyumbani, chumba kimoja walichopanga Kapsoya, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Wahu ndiye aliyelala akilitazama. Na huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hivyo sokoni, kanisani, kwenye mfereji wa maji, siku nzima alikuwa Mama Wacera. Aliitika kila mara.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, alikuja kwangu kunisaidia kuchambua maharagwe. Hatukuwa tunazungumza lolote la maana. Akaweka ungo chini akaniambia Wacera amekufa. Alikufa siku ileile ya Jumatatu. Walikimbilia mashambani nyuma ya Langas na moshi uliwafuata, pumu ikamshika mtoto, na Wahu akambeba mikononi akikimbia mpaka akahisi mtoto amekuwa mzito kwa namna nyingine. Mwanamke Mkalenjin aitwaye Priscah alimvuta ndani ya boma lake. Yeye na mumewe walichimba kaburi kando ya ua upesi upesi, kabla majirani hawajajua kwamba wamemficha Mkikuyu, kwa maana wangewachomea na wao. Priscah alimfunika mtoto kwa leso aliyokuwa amejifunga mwenyewe kiunoni.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mumewe.

"Ningemwambia ako wapi, angeenda siku hiyohiyo, wamuue," akasema. "Nikasema nitamwambia kesho. Halafu nikamuona anaandikisha jina. Halafu akaanza kushona. Sasa nitaanzia wapi, Mama Angeline?"

Alinifunga kwa kiapo. Nilikishika miaka minane. Watu husema siri ni nzito, lakini hiyo haikuwa nzito. Ilikuwa inakera, kila siku, kama changarawe ndani ya kiatu, maana niliketi hatua mbili kutoka kwa yule mtu. Wakati mwingine nilimkemea kwa jambo dogo, uzi ulioanguka, radio iliyopigwa juu sana, naye alinitazama bila kuelewa kosa lake. Kosa lake lilikuwa kutojua.

Magauni yaliongezeka nyuma ya mlango. La miaka minane lilikuwa la waridi. La miaka kumi lilikuwa na mfuko, kwa sababu Angeline alisema wasichana wa darasa lao wanataka mifuko. Angeline alipofika miaka kumi na miwili, Nderitu aliona haya, akanipa tepu nimpime mimi huku yeye amegeuka ukutani akiandika namba nilizomtajia. Nilizitaja nikijua ni za mtoto mmoja tu duniani, wangu. Nilitamani kuzikosea, hata sijui ningepata faida gani.

Lakini lazima niseme na jambo jingine, nisije nikaonekana naficha. Nderitu hakuwa mtu aliyevunjika. Wanaume wengi waliotoka kwenye ule uwanja walianza pombe, au walikaa tu mlangoni wakitazama barabara. Yeye aliamka, akanyoa ndevu, akafungua cherehani. Mwezi wa kumi na moja uso wake ulianza kung'aa, akawa anazunguka ndani kwa Bashir akigusa vitambaa, akiuliza wasichana wa siku hizi wanapenda rangi gani. Bashir alimpunguzia bei bila kusema kitu. Nilipomuuliza siku moja kama haumii, aliniambia anaumia sana, na kwamba siku atakayoacha kuumia ndipo Wacera atakuwa amepotea kweli.

Mama Ramila alifariki mwaka wa 2014. Mwanawe alikuja kufunga nyumba, akamwita Nderitu achukue vitambaa vilivyobaki. Yule kijana wa Nairobi hakuwa na habari na masharti ya mama yake, akavuta pazia, na Nderitu akamwona Gopal. Baada ya miaka kumi na saba ya kufuata mafundo ya uzi, alimwona. Alikuwa mdogo, urefu wa kiganja, anatambaa kwa magoti, na mkono wake wa kulia umeinuliwa juu. Nderitu hakuwahi kuambiwa habari ya mkono. Makoti yote aliyakata mikono ikiwa imelala sawa. Akasogea, akaona kwamba mkono wa kulia wa koti ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya kwa sindano ya mkono, mishono midogo ya macho yasiyoona vizuri. Akafungua kabati, na makoti yote yalikuwa hivyo.

"Kila koti alikuwa anarekebisha," aliniambia aliporudi verandani. "Na hakuniambia nimekosea. Aliacha nifikirie nimeweza."

Hakufanya kazi siku hiyo. Gopal alipelekwa kwa jamaa zao Kisumu, nao walikuwa na fundi wao. Sasa Nderitu alibaki na mtoto mmoja tu wa kushonea, na mimi nikaanza kuogopa kwa dhati, kwa sababu nilijua huyo aliyebaki yuko wapi.

Mwaka wa 2017 uchaguzi ulirudi, tena mara mbili, Agosti na Oktoba. Watu waliwapeleka watoto mashambani. Bashir alitoa nusu ya vitambaa dukani. Nderitu na Wahu walilala na viatu miguuni kwa wiki kadhaa. Langas haikuchomwa mwaka huo, namshukuru Mungu, lakini kila mtu alikuwa amechoka kabla mwaka haujaisha.

Desemba ilipofika, Angeline alikuwa na miaka kumi na sita, msichana wa kidato cha pili, mrefu kunishinda. Alikuja verandani Jumamosi mchana kama kawaida. Wahu pia alikuwepo, alikuwa ameleta chakula cha mumewe, githeri ya mahindi na maharagwe, kwenye kopo. Nilitoa tepu. Angeline hakunyoosha mikono.

"Uncle, usikasirike," akamwambia Nderitu. "Mimi nimechoka kuwa Wacera. Tangu niwe mdogo nasimama hapa, nikinenepa ni Wacera amenenepa. Maana nikiwa hapa si mimi unaona."

Nilitaka kumfokea nikashindwa, kwa sababu alisema kweli na kwa upole. Nderitu alimwambia si kitu, ni haki yake, akajaribu kucheka. Akaanza kukunja kitambaa alichokuwa amenunua, cha zambarau. Alikikunja vibaya, akakikunjua, akaanza tena. Akasema, kama anayejisemea, kwamba labda ataenda kusimama karibu na shule ya upili awatazame wasichana wakitoka, akadirie kwa macho.

Hapo ndipo Wahu alipoweka kopo la githeri chini.

"Baba Wacera, usiende kusimama popote. Wacera hakupotea. Alinifia kwa mikono siku ile ya moshi, na najua mahali amelala."

Alisema yote, akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Ua, Priscah, leso. Bashir alitoka mlangoni akasikia sehemu, akarudi ndani akazima radio. Angeline alikaa chini kwenye saruji akajifunika uso. Nilimngojea Nderitu apige kelele, ampige mkewe, anipige mimi, kwa maana alinigeukia na akaona usoni mwangu kwamba nilijua. Hakufanya lolote katika hayo. Aliuliza swali la fundi.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Ile ya njano. Ya Krismasi."

"Na sweta?"

Wahu akasema hapana. Alitoka mbio, akaisahau sweta kwenye kiti. Nderitu akainamisha kichwa, na ndipo mabega yake yakaanza kutikisika.

Tulienda kwa Priscah siku ya tatu, sisi watatu. Alikuwa amezeeka, lakini alimtambua Wahu akiwa bado nje ya lango. Alituonyesha mahali pale kando ya ua. Hapakuwa na msalaba, angethubutuje, ila misimu kumi trekta lilikuwa limelima likapazunguka, na majani yalikuwa yamekatwa mafupi. Aliwaambia majirani kwamba mahali hapo pana jiwe chini linaloharibu jembe. Nderitu alipiga magoti akaweka kiganja juu ya majani. Hakuomba kwa sauti. Priscah alituletea mursik, maziwa yao ya mgando, tukanywa, na Nderitu akamshukuru kwa ile leso, akauliza ilikuwa rangi gani, akaambiwa nyekundu.

Nilifikiri yameisha. Nilijipongeza, hata, kwamba ukweli umemfungua mtu. Jumatatu iliyofuata niliwakuta verandani wote wawili, Nderitu na Wahu, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kuketi pale zaidi ya muda wa kushusha kopo. Mezani kulikuwa na kitambaa kipya cha njano, na sufu nyeupe ya sweta. Nderitu akaniambia atamshonea Wacera nguo ya Krismasi, ya mtoto wa miaka sita, na sweta juu yake, aipeleke pale kwa ua. Baada ya hapo atashona tena mwaka kesho, ya miaka sita.

Nilihisi zile hasira za zamani zikipanda, za kule ngazini. Nikamuuliza atashona mpaka lini.

"Sijui, Mama Angeline. Wewe utaacha kumpikia Angeline lini?"

Akachukua chaki akainama juu ya kitambaa, kisha akasimama hivyo, chaki hewani. Akaweka mkono wake usawa wa kiuno, kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto. Akaushusha kidogo. Akaupandisha. Nilimwona akifumba macho akijaribu, na uso wake ukaanza kuingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuiona juu yake, hata ule mwaka wa moshi.

Gauni lile la kwanza alilishona bila kuandika namba, maana nani huandika namba za mtoto anayelala naye chumba kimoja? Namba zote alizokuwa nazo daftarini, kuanzia miaka saba, zilikuwa za binti yangu.

"Simpati," akasema. "Kila nikimtafuta namwona Angeline."

Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimesahau kimo cha mtoto wangu mwenyewe alipokuwa na miaka sita, sembuse cha wake. Nikatikisa kichwa.

Wahu akasimama kutoka kwenye benchi. Alinyoosha mikono yake mbele, viganja juu, mmoja mahali ambapo shingo ya mtoto hulala na mwingine chini ya magoti, akaisogeza kidogo, akaituliza. Nderitu akachukua tepu shingoni mwake, akaja mbele ya mkewe, akapima nafasi iliyokuwa katikati ya mikono hiyo.